Kitabu Chini ya Ubao wa Ajua

Awino mwanangu,

Wewe na baba yako mmeenda soko la Kibuye kutafuta begi lenye zipu nzima, na nikimjua baba yako, hamtarudi kabla hajabishana na kila mwenye kibanda. Nina alasiri yote. Nimekaa barazani na kalamu, kwa sababu haya ninayotaka kukuambia nimejaribu kuyasema mezani tangu Jumanne, na kila nikianza unanyanyua sahani unaenda jikoni.

Habari za sweta na dawa sitaziandika. Baba yako ameshakuambia, na Nyeri yenyewe, huko chuoni, itakufundisha baridi ni nini. Nataka kuandika juu ya mwezi huu wa Agosti unaokwisha.

Nianze na tulivyokubaliana, maana hapo ndipo wewe na mimi tunasimulia tofauti. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, nilikuambia huu ni mwezi ambao hutaupata tena. Shule imekwisha, chuo hakijaanza, hakuna anayekusubiri popote. Nikasema kila mmoja wetu ajiwekee malengo yake ya mwezi, ya kusoma na ya kujiburudisha, na kila Jumapili saa ya chai tuelezane tulipofika. Hatukuandika mahali. Katika nyumba hii neno lilitosha. Kisha nikakuuliza unataka mwezi wako uwe wa nini.

"Kulala," ulisema. "Kulala, halafu kukaa tu."

Nilicheka. Baba yako naye alicheka. Nikainuka nikakuletea ile riwaya ya mjane anayefungua hoteli kando ya reli, nikasema uisome kwa sauti kila alasiri kule Otonglo kwa Dani, mama yangu, kwa kuwa mtoto wa jicho amemzibia macho na sasa hawezi kusoma hata Biblia yake. Ukasema sawa. Ndani ya kitabu kulikuwa na tiketi yangu ya basi ya Siaya, mwanzo kabisa wa sura ya kwanza. Nilikuonyesha. Nilikuambia hapo ndipo nilipoishia mimi, nikaitwa kazini, sikurudi tena.

Malengo yangu yalikuwa mawili. La kwanza, kukisoma hadi mwisho kile kitabu cha safari za jangwani kilichokaa rafuni tangu kabla hujazaliwa. La pili, kwenda Dunga kila Jumamosi jioni, kula samaki na kutazama ziwa, simu ikiwa imebaki nyumbani. Watu wa kazi yangu hawaachi simu nyumbani. Jumamosi ya kwanza mhariri alinitafuta kwa ajili ya kiboko aliyeingia shamba la mahindi la mtu, akanikosa. Gazeti likatoka hata hivyo, na kiboko akarudi majini bila msaada wangu.

Jumapili iliyofuata ulikuja mezani na mjane wako. Ulinieleza jinsi alivyofika kituoni na sufuria moja, jinsi alivyowatimua kwa mwiko wafanyakazi wa reli waliomtania, na jinsi watu wa kampuni walivyokuja na kamba ya kupimia, wakitaka kiwanja chake, naye akakataa kukiuza. Nikakuuliza aliwaambia nini. Ulikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Alisema ardhi ni kama jina. Huwezi kuliuza halafu uendelee kuitika."

Niliweka kikombe chini. Mtu akifanya kazi hii muda mrefu, sikio lake hujua sentensi ambayo watu watairudia. Nikakuomba uirudie, ukairudia.

Kesho yake nilimpigia Dani, kama nifanyavyo kila Jumatatu, nikamuuliza kama unamsomea. Akasema unasoma vizuri sana na sauti yako haichoki. Nikauliza mmefika wapi. Akasema mko kwa yule mama wa hoteli, mkaidi kama yeye mwenyewe. Akacheka. Nami nikacheka.

Kwa hiyo nilikuwa na vyanzo viwili. Unaijua kanuni hiyo, umeisikia tangu utotoni: habari haitoki kwa mdomo wa mtu mmoja. Lakini kanuni ina nusu ya pili ambayo sikuwahi kukufundisha, na mwezi huu niliisahau. Niliipata mwaka wangu wa kwanza kazini. Wavuvi wawili waliniambia kwamba ufuo wa jirani yao umefungwa kwa kipindupindu. Niliandika. Ufuo haukuwa umefungwa, na wavuvi wale walikuwa mtu na mdogo wake, waliotaka wanunuzi waje upande wao. Akina mama wauza samaki wa ufuo ule walikuja ofisini na samaki waliowaozea, wakawapanga juu ya meza yangu mmoja mmoja, bila kunitukana. Mhariri alingoja waondoke. Akaniambia watu wawili wanaokula sahani moja ni mtu mmoja. Kisha akaniambia nitafute ndoo.

Niliikumbuka kanuni hiyo kwa mawaziri na kwa wauza samaki. Kwa mama yangu na mwanangu sikuikumbuka, kwa sababu sikudhani ninyi ni watu wa kuthibitishwa.

Nikaandika safu yangu ya Jumapili gazetini. Nilisema familia zijitengee mwezi mmoja wa kusoma na kupumzika kwa makusudi. Nilisema binti yangu anamsomea bibi yake kila alasiri, na nikanukuu sentensi ile ya mjane. Kabla ya saa sita mchana simu yangu ilikuwa imejaa. Fundi mmoja wa cherehani aliniandikia kwamba ameichora ukutani mwa kibanda chake. Ulinikuta nikimsomea baba yako ujumbe wa watu, nikakupa ukurasa. Ulisoma umesimama.

"Mama, umeniandika?"

Nikasema ndiyo, na kwa uzuri. Uliukunja ukurasa ukaurudisha mezani. Nilidhani umeona haya.

Jumanne asubuhi akanipigia mwalimu mmoja mstaafu wa Mamboleo. Alijitambulisha kwanza, akaniulizia hali ya familia, akaishukuru safu, ndipo akasema lililomfanya apige.

"Madam, riwaya hiyo nimeifundisha hadi karatasi zikalegea. Mjane anakiuza kiwanja. Anakiuza katikati ya kitabu, na mabaya yote yanaanzia hapo. Na hayo maneno ya jina sijayaona humo. Binti anasoma kitabu kipi?"

Nikamwambia nitaangalia.

"Angalia tafadhali," alisema. "Maana ni mazuri kuliko ya mwenye kitabu."

Nilipaswa kukupigia simu. Sikupiga. Mtu akipigiwa kwanza hupata nafasi ya kupanga maneno, na siku hiyo nilikuchukulia kama ninavyowachukulia watu wa kaunti: nilikuja Otonglo bila kubisha. Hilo nalijua, na kama lilikuumiza una haki.

Niliwasikia kabla sijawaona. Kicheko cha Dani kilikuwa kinatoka baraza la jirani yake, Mama Rispa. Mlikuwa wanawake wanne na wewe, mmezunguka ubao wa ajua, bao letu la kete. Dani alikuwa anapapasa mashimo kwa vidole, anahesabu kete bila kuziona, na wewe ulikuwa umeduwaa juu ya mchezo wako. Alikuwa anakuchokoza. Alisema, "Cheza, nyathina, mtoto wangu, hata kipofu amechoka kungoja." Sijamsikia mama yangu akiongea kwa sauti ile tangu nilipokuwa mdogo.

Sakafu ya baraza lile imeinama kuelekea shambani. Ili ubao ukae sawa mliuinua upande mmoja kwa kitabu changu. Tiketi ya Siaya ilikuwa inachungulia pale pale nilipoiacha.

Mama Rispa ndiye aliyeniona. Akaniita kwa jina lako, "Min Awino amefika," kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua, na wanawake wale wakakumbuka maharagwe yao jikoni. Nilikuuliza wewe mbona mmenidanganya, lakini Dani ndiye aliyejibu. Alisema mtoto amesoma tangu chekechea, ana macho mekundu kama mlevi, na yeye ndiye aliyekuambia ufunge kitabu.

"Ungeniambia hivyo," nilisema.

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi."

Lilikuwa jibu zuri. Ni jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza. Sikutaka kujua kwa nini hukusoma. Nilitaka kujua kwa nini nilipopiga simu Jumatatu nilikuta jibu limeshapikwa.

Nikauliza sentensi ile ilitoka wapi. Ukamtazama Dani, kana kwamba anaweza kukuona. Yeye akaendelea kukusanya kete mkononi.

"Ni mimi nilisema," alisema. "Walipokuja kutaka huu upande wa mbele, wakati wa kupanua barabara. Nilikataa. Wakarudi, nikakataa tena."

Awino, barabara ile niliiandika mimi. Nilikuwa Otonglo kila wiki nimevaa helmeti, nikiwahoji wahandisi na wenye vibanda, na jioni nilipita kwa mama yangu kunywa uji. Alinipa uji, akaniuliza kazi inaendaje. Hakusema kwamba kamba yao ya kupimia ilikuwa imepita mbele ya mlango wake. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ungeiandika," alisema.

Nimefungiwa milango mingi, nimeambiwa toka na watu wenye bunduki, na mara zote nilikuwa na swali la pili. Pale sikuwa nalo.

Ndipo wewe ukazungumza, njiani kwenda steji ya matatu, ukitazama mbele. Ulisema, "Mimi nilikuambia wewe, Mama. Sikuambia gazeti." Tulipofika barabarani ukaongeza, "Usiniweke gazetini tena. Hata kusahihisha."

Sasa nieleze la upande wangu, kwa kuwa siku ile sikulisema.

Kutosoma kwako kulinikera kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Lililokaa ni lingine. Kitabu changu cha jangwani kilinichosha. Yule msafiri aliwapenda ngamia kupita kiasi, kila sura ngamia, akiugua ngamia wake, yeye hali chakula. Kila alasiri niliporudi mapema nilikaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, na kila nilipotaka kukifunga nilijiambia: saa hii Awino naye anasoma. Nilikimaliza kwa sababu hiyo. Jumapili nikakueleza habari za ngamia, na ukaniuliza maswali mazuri, kama yule anayebeba maji ndani hachoki mgongo. Nilikuwa nasoma peke yangu, na ninyi wawili mlijua.

La pili ni kwamba mlikaa mkanijadili. Uongo wa mtu mmoja unaweza kumtoka kabla hajafikiri. Wenu ulitaka mpango. Kuna alasiri mmoja wenu alisema huyu atapiga Jumatatu, tumwambie nini, na mwingine akatoa jibu, kisha mkaendelea na mchezo. Hivyo ndivyo watu hufanya kabla mwandishi wa habari hajafika. Nimewafumania wengi hivyo. Sikujua kwamba nyumbani kwangu pia mimi ni mwandishi aliye njiani.

Na ungeweza kunikatalia. Una mdomo. Nimekusikia ukibishana na mchungaji juu ya Yona hadi akaangalia saa. Ungesema, Mama, sitaki, mwezi huu nimechoka. Tungegombana siku moja, labda mbili.

Nimelipima pia la upande wako, kwa kuwa kazi yangu hainiachi nisilipime. Ulilitaja lengo lako mezani siku ya kwanza. Kulala, halafu kukaa tu. Agosti nzima hiyo ndiyo kauli ya pekee niliyopewa ambayo ilikuwa kweli kama ilivyotamkwa, na ndiyo niliyoicheka. Nikakuwekea langu, nikaliita lako. Na lile la gazeti, sikukuomba ruhusa. Mgeni nisiyemjua humwambia kwanza kwamba ninaandika. Wewe nilikuacha ukoroge chai. Ulinidanganya uongo wa kutosha meza moja, mimi nikauchapisha ukatosha mkoa.

Haya mawili hayafutani. Nilitamani yafutane, ningeandika barua fupi. Ukiniuliza leo kama nimekusamehe, nitasema sijathibitisha. Dani naye bado. Jumatatu hii nitampigia kama kawaida, na sijui nitamuuliza nini.

Huko uendako utawekewa malengo na kila mtu, na mengine utayapenda. Siwezi kukufundisha jinsi ya kupumzika. Mimi mwenyewe nilipumzika kwa ratiba, na Dunga nilikuwa natazama ziwa nikihesabu mitumbwi, kana kwamba nitaulizwa ilikuwa mingapi. Najua tu kwamba nilikuona kwenye baraza lile kabla hujaniona. Ulikuwa umekunja miguu, mdomo wazi, umeshindwa na kikongwe asiyeona, na umefurahi. Mwezi mzima hukuwahi kuja hivyo kwenye chai yangu.

Sasa lile uliloniomba. Umenikataza kukuweka gazetini, hata kusahihisha. Lakini kosa limechapishwa kwa jina langu, na kosa lililochapishwa husahihishwa. Hilo silijadili hata na wewe. Mhariri aliniambia niliache, kwamba aliyegundua ni mwalimu mmoja tu. Nikamwambia mwalimu mmoja ni wasomaji wa kutosha.

Nakala ya kwanza niliyoandika ilisema binti wa mwandishi alitoa maelezo yasiyo ya kweli. Ilikuwa sahihi na ningeweza kuitetea mahakamani. Niliiangalia asubuhi nzima, nikaichana. Ya pili ilikuwa inamtaja Dani na kiwanja chake, ili watu wajue mwenye maneno yale. Nayo ilikuwa kweli. Nikaichana pia. Itakayotoka Jumapili, wewe ukiwa umeshafika Nyeri, ni hii:

"Katika safu ya Jumapili iliyopita, mwandishi alieleza riwaya ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisoma. Alisema mjane alikataa kuuza kiwanja chake. Mjane alikiuza. Maneno yaliyonukuliwa hayamo katika kitabu hicho. Kosa ni la mwandishi, naye anaomba radhi kwa wasomaji."

Nimeipitia neno kwa neno. Hakuna la uongo, na hakuna wewe. Mwalimu wa Mamboleo atanipigia tena, namjua sasa, atataka kujua maneno yale ni ya nani. Nitamwambia siwezi kutaja chanzo changu. Nimeshawalinda watu wabaya kuliko ninyi.

Riwaya niliiondoa siku ile chini ya ubao, na Dani akalalamika kwamba kete zitamkimbia. Jana nilipita Otonglo nikampelekea kitabu cha jangwani. Ni kinene zaidi. Alikipapasa, akauliza kinahusu nini, nikamwambia ngamia. Akasema kitafaa. Ubao umetulia kuliko mwanzo.

Kwa hiyo sasa ninayemsoma mjane ni mimi. Tiketi ya Siaya imesogea. Jana jioni nilifika pale anapokiuza kiwanja. Anaweka kidole gumba kwenye karatasi, anarudi jikoni, anaendelea kukatakata vitunguu, na hasemi kitu. Nilibaki namsubiri aseme maneno ya Dani.

Jumapili saa ya chai nitakuwa hapa. Ukitaka kupiga simu, piga, na usinieleze kitabu. Niambie kama ulilala. Ukisema hukulala nitaamini, na ukisema ulilala nitaamini, na sitampigia mtu mwingine kuuliza.

Nasikia lango. Baba yako anacheka, maana yake ameshinda bei na begi lina kasoro ambayo hajaiona.

Kila nilichowahi kuandika kazini kina nakala mahali. Barua hii nimeiandika kwa mkono, mara moja, na nikiikunja nikakupa nitakuwa nimebaki bila nakala.

Mama yako